Mlima wa Jibini

Évariste Namegabe alikuwa na macho ya kupima watu. Alikutazama kuanzia kola hadi kisigino, na kabla hujamaliza kumwamkia alikuwa amekwishakupa alama, na alama zenyewe hazikufika hamsini. Tabia hiyo hakuiokota Toronto. Alitoka nayo Uvira, alikokuwa mkaguzi wa shule za msingi, kijana wa miaka thelathini mwenye pikipiki ya serikali, akiwafanya walimu wa umri wa baba yake wasimame wima kama wanafunzi. Kabla ya hapo alikuwa amesomeshwa na mapadre wa Kiitaliano waliomtia Kilatini na Kiitaliano kichwani kwa kiboko, na akatoka mikononi mwao akiamini kwamba duniani kuna wanaojua sarufi, halafu kuna wengine wote.

Vita vya mwaka tisini na sita vilimvusha ziwa. Akakaa kambini upande wa Kigoma miaka mitano, akaoa hukohuko, na mwaka 2001 Kanada ikampokea pamoja na mkewe Donatienne na binti yao Nicole, ambaye hata kutembea alikuwa bado. Vyeti vyake alivipeleka ofisi nne. Katika ofisi ya nne msichana mmoja alivigeuza juu chini, kama anayetafuta mahali pa kufungulia, kisha akamshauri aanze upya masomo ya sekondari. Évariste alimshukuru kwa Kifaransa ambacho yule msichana hakuwahi kukisikia maishani mwake, akatoka na hakurudi tena. Kuanzia 2004 akawa mlinzi katika jumba moja la sanaa mjini: sare ya buluu, redio kiunoni, na kazi ya kutwa ya kuwaambia watu wasiguse.

Kazi hiyo ilimfaa kuliko alivyotaka kukubali. Ilimpa watu wa kudharau mchana kutwa. Aliwadharau wanaume waliosimama mbele ya picha wakitikisa vichwa huku macho yao yakiitafuta kahawa ilipo. Aliwadharau wanawake waliosoma kadi ya maelezo ukutani dakika tano na kuitazama picha yenyewe sekunde mbili. Waongozaji wa wageni aliwadharau kuliko wote, kwa sababu walilipwa kusema, na walichokisema kilikuwa na makosa.

Mlinzi mwenzake alikuwa mzee mmoja wa Kiismailia kutoka Tanga, jina lake Roshanali. Alikuwa amefunga duka lake la vitambaa Scarborough, akaja kulinda picha ili asikae nyumbani na kugombana na wakwe. Kiswahili chao ndicho kilichowakutanisha, ingawa cha Évariste kilikuwa na Kifaransa ndani yake, na cha Roshanali kilikuwa laini kama cha mtu anayekukaribisha dukani. Évariste alimdharau kidogo tu, kwa sababu hakuna mwingine aliyemwita Mwalimu.

Januari ya 2009 yalifika makreti kutoka Italia. Jumba lilikuwa limeandaa maonyesho ya picha za zamani za kanivali, zile siku ambazo Waitaliano wa karne zile walikula, wakalewa na kuvaa vinyago kabla Kwaresima haijawafunga midomo. Zilikuwa picha ishirini na nane. Kulikuwa na mng'oa meno amesimama jukwaani, ameshika jino la mtu huku mwenye jino analia. Kulikuwa na wahuni wa Roma wanaowarushia mabibi mayai. Évariste alipangiwa chumba cha tatu, kilichokuwa na picha moja tu, pana kama ukuta wa darasa.

Ilikuwa picha ya Napoli. Mbele ya jumba la mfalme palijengwa mlima: mlima kweli, lakini wa chakula. Mawe yake jibini, miti yake imening'inizwa soseji, chemchemi yake inatoa divai, na bata bukini hai wamefungwa miguu huku na huku wapate kuurembesha. Askari walikuwa wameuzunguka wakiwazuia maskini wa mji, na mizinga ilipopigwa, maskini waliachiwa wauvamie. Mchoraji aliikamata saa hiyohiyo. Watu mia tatu walipanda juu ya wenzao, wakivutana mashati, wakikanyagana vichwa, na huku juu kwenye roshani ya jumba wenye vyeo wametulia na pepeo zao mikononi, wanatazama.

"Watu wazima," Évariste alimwambia Roshanali siku ya kwanza, "wanapigania soseji. Na kuna mtu alikaa miaka miwili kuwachora."

"Lakini ni picha nzuri, Mwalimu," alisema Roshanali. "Tazama yule bata anavyomng'ata yule bwana sikio."

"Bata ndiye mwenye akili peke yake humo ndani."

Wiki nane za kusimama mbele ya picha moja si mchezo. Mwisho wa wiki ya pili Évariste alikuwa anaijua kama alivyoijua ramani ya wilaya yake. Akagundua jambo lililomkera kuliko soseji. Waliokuwa kwenye roshani walikuwa wadogo kama punje za mpunga, lakini kila mmoja alikuwa na uso wake: pua, nyusi, hata huyu amechoka na yule anacheka. Wale mia tatu waliokuwa chini hawakuwa na nyuso. Walikuwa migongo, kofia, matako na visigino. Kulikuwa na paja la nguruwe lililokaushwa ambalo mchoraji alilipaka kwa heshima, mafuta yake yanang'aa. Aliyelibeba begani alipewa doa moja la rangi ya udongo, basi, ndio uso wake.

Akagundua na la pili. Kwenye bendera ya askari mmoja kulikuwa na maneno madogo ya Kiitaliano. Kadi ya ukutani iliyafasiri hivi: "Kuleni nyote mfurahi." Évariste alikaribia siku ambayo wageni walikuwa wachache, akakaza macho, akasoma. Maneno yalisema: "Atakayeanguka, shauri yake."

Alienda kumwambia Prudence, mama aliyesimamia maonyesho yale, mrefu, mwenye shanga za mbao shingoni na sauti ya kubembeleza wagonjwa. Évariste alimweleza kosa kwa utaratibu, kwanza kitenzi, kisha maana. Prudence alimsikiliza akitabasamu vile watu wanavyomtabasamia mtoto aliyewaletea mchoro wa ng'ombe.

"Evaristi, hii ni ajabu kabisa," alisema. "Sikujua kwamba unapenda sanaa!"

"Sikusema naipenda. Nimesema mmekosea."

"Nitalifikisha kwa wataalamu." Kisha akamshika mkono. "Lakini ngoja. Nimeambiwa uliwahi kuishi kambini. Kwenye kambi ya wakimbizi, siyo? Pale wanapogawa chakula?"

Prudence akaendelea. Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima kungekuwa na tafrija ya wafadhili, na alikuwa anatafuta mtu wa kuzungumza dakika tano mbele ya picha ile ya Napoli, mtu anayejua njaa na furaha ya kupata chakula. Walitaka sauti ya kweli.

Alirudi nyumbani Etobicoke na hasira iliyopanda naye lifti hadi ghorofa ya kumi na moja. Donatienne alikuwa ndio kwanza ametoka kazini, kwenye nyumba ya wazee alikowaogesha Wazungu waliosahau majina ya watoto wao. Alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Wanataka niwe tumbili wao," Évariste alisema. "Nisimame mbele ya wajinga nisimulie njaa."

"Si ukubali tu, Papa Nicole. Dakika tano."

"Kwa watu wasiojua kusoma Kiitaliano lakini wanatundika picha za Kiitaliano!"

"Wewe unadharau hata mvua," alisema Donatienne. "Na hiyo picha yenyewe ikoje?"

Akamweleza. Alieleza vizuri, kama mwalimu: mlima, askari, mizinga, roshani, wale mia tatu wasio na nyuso. Alipomaliza akaongeza kwamba mchoraji alikuwa mtu wa ovyo, kibaraka wa mabwana, asiyeweza kumtazama maskini usoni. Nicole, aliyekuwa anafanya hesabu za shule mezani, aliuliza kwa Kiingereza kama kwenye ile picha kulikuwa na watoto. Hakuna aliyemjibu, maana mama yake alikuwa amemkazia baba yake macho.

"Na njaa ipi utakayowasimulia wewe?" Donatienne alimuuliza. "Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya lile kundi. Wewe ulikuwa juu ya lori."

Ilikuwa kweli. Kambini Évariste hakuwahi kupanga foleni. Wasimamizi wa kambi walipomjua kuwa ni msomi, walimpa kipaza sauti, fimbo na orodha ya majina, wakampandisha juu ya lori awaongoze watu wasisukumane. Siku moja mwaka tisini na nane, magari ya chakula yalikuwa yamechelewa wiki mbili, na mstari ukakatika. Watu walilivamia lori. Évariste alipaza sauti, "Wanyama! Rudini nyuma, wanyama!" Chini kulikuwa na bibi mmoja wa Fizi aliyeanguka, watu wakampita juu, na nyonga ikavunjika. Évariste alimwona. Hakushuka. Aliyemwinua bibi yule alikuwa msichana mwenye kitambaa cha njano, ambaye Évariste hakumjua wakati ule na ambaye mwaka uliofuata alimtolea posa kwa barua yenye Kilatini ndani yake.

Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo katika miaka kumi ya ndoa. Évariste akaingia chumbani akafunga mlango.

Asubuhi yake alimwambia Prudence kwamba atazungumza.

Jumapili ya tafrija wafadhili walifika saa tisa alasiri, wamevaa vinyago walivyogawiwa mlangoni: pua ndefu, mabawa ya kipepeo, nusu nyuso za dhahabu. Katika ukumbi mkubwa wapishi walikuwa wamejenga mlima wa chakula uliofanana na wa kwenye picha. Kulikuwa na magurudumu ya jibini, mapaja ya nguruwe, mikate iliyosukwa, zabibu zimeteremshwa kama mizabibu. Bata bukini walikuwa wa sukari. Prudence alieleza mchezo wenyewe: ngoma itakapopigwa, kila mtu aujie mlima kama watu wa Napoli.

Évariste alisimama kwenye mlango wa chumba cha tatu, ambapo aliona pande zote mbili.

Ngoma ikapigwa. Mwanzoni waliona haya. Wakachukua zabibu mbilimbili, wakachekeana. Kisha bwana mmoja mnene mwenye pua ya ndege aling'oa gurudumu zima la jibini kutoka chini, watu wakashangilia, na hapo adabu ikaisha. Walivutana. Mawakili, madaktari na wake zao waliparamia meza kwa magoti. Bibi mmoja wa mabawa ya kipepeo alimpiga kumbo mwenzake kwa ajili ya mkate ambao angeweza kuununua kila siku ya maisha yake na kuwatupia njiwa. Mlima ukainama, ukaporomoka, na jibini likabingirika hadi miguuni mwa Prudence, aliyekuwa akipiga kelele, "Taratibu jamani, taratibu!" kwa sauti ileile ya kubembeleza wagonjwa. Watu walikuwa wanacheka hadi machozi. Walikuwa wameshiba tangu walipozaliwa.

Évariste alitaka kuwadharau kwa nguvu zake zote, na kwa muda aliweza. Dharau ilimjaa kifuani, tamu, kama zamani kwenye pikipiki. Halafu akatambua kwamba aliwaona migongo tu, na visigino, na kwamba neno lililokuwa limemjia mdomoni ni lile la juu ya lori.

Hakupata muda wa kulifikiria. Yule bwana mwenye pua ya ndege alikuwa amekuja na paja la nguruwe begani, anataka kupigwa picha mbele ya mchoro, na mkono wake uliojaa mafuta ulikuwa umebakiza shubiri moja kuugusa.

"Rudi nyuma ya mstari, bwana."

"Unanijua mimi ni nani?" aliuliza yule bwana.

"Umevaa kinyago. Nitakujuaje?"

Roshanali, aliyekuwa upande wa pili, aligeukia ukuta akakohoa ili asicheke. Yule bwana alivua kinyago. Ilionekana alikuwa anajulikana sana na wote isipokuwa Évariste. Alirudi nyuma ya mstari, lakini alimtazama Évariste kifuani, kwenye kibandiko cha jina, akalisoma pole pole.

Kisha Prudence akawaita wote chumbani, nywele zimemtoka kwenye pini, akamtambulisha "rafiki yetu Evaristi, aliyeishi yale tunayoyaona pichani."

Évariste alisimama mbele ya watu wapatao themanini, midomo inang'aa mafuta. Alizungumza Kiingereza chake kigumu, kilichonyooka.

"Kwanza, kadi ile ina kosa. Bendera haisemi kuleni mfurahi. Inasema, atakayeanguka, shauri yake. Nilimweleza mhusika wiki nne zilizopita." Akangoja kidogo. "Pili, mimi sikuishi yaliyo pichani. Kambini nilikuwa huyu hapa." Akaonyesha askari mwenye bendera. "Nilikuwa na fimbo. Niliwaita watu wanyama kwa sababu niliwatazama kutoka juu, na kutoka juu mtu hana uso. Aliyechora picha hii alikaa juu vilevile. Ndiyo maana paja la nguruwe limechorwa vizuri kuliko mtu. Nimemaliza."

Waliokuwa wanatafuna waliacha. Évariste alifikiri, basi, mara moja katika maisha yangu nimesema jambo likafika.

Halafu wakapiga makofi. Walipiga makofi marefu, ya uchangamfu, mengine yakiwa na mkate mkononi. Bibi wa mabawa alikuja kumshika mabega, akamwambia kwamba alikuwa jasiri sana na kwamba Kiingereza chake ni kizuri. Prudence alikuwa anafuta machozi. "Ni nzito sana," alisema. "Ni nzito mno." Dakika kumi baadaye walikuwa wamerudi ukumbini kula kilichobaki sakafuni.

"Wangeyapigia makofi hata mabomba ya choo," Évariste alimwambia Roshanali.

"Mimi nilikuelewa, Mwalimu," alisema Roshanali, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli.

Jumatatu Évariste aliitwa ofisini. Mfadhili mmoja alikuwa amelalamika juu ya lugha ya mlinzi wa chumba cha tatu. Prudence aliomba radhi sana, akamshika tena mkono, akasema kwamba ni mabadiliko tu ya ratiba; na kuanzia siku hiyo Évariste alipelekwa chumba cha makoti, kupokea majaketi ya baridi na kutoa vibandiko vya namba. Kadi ya ukutani haikubadilishwa. Wataalamu walikuwa bado wanalitazama suala lile.

Juma la mwisho la maonyesho Donatienne alikuja. Hakumwambia mumewe. Alimkuta nyuma ya meza ya makoti, akamkabidhi koti lake kama mgeni mwingine, akapokea namba, akasema, "Nipeleke niione hiyo picha yako." Ilikuwa saa ya mapumziko ya mumewe. Wakaenda.

Donatienne hakusoma kadi. Alisogea hadi kwenye mstari, akainamia picha huku amejishika kiuno, akaanza upande wa kushoto chini, ambako Évariste hakuwahi kuona chochote ila fujo. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akaanza kucheka.

"Huyu ameiba bata wawili," alisema. "Amemficha mmoja ndani ya sketi, tazama, shingo inatokeza. Na huyu mama hapandi kabisa, amekaa chini anaokota wanachodondosha wenzake. Huyo ndiye mwenye akili. Mimi nilikuwa nafanya hivyo na maharage."

Évariste akainama naye. Alikuwa amesimama mbele ya picha ile karibu wiki sita na hakuwahi kumwona mama yule.

"Na wewe uko hapa," alisema Donatienne, akimnyooshea kidole askari wa bendera.

"Najua. Nimewaambia hivyo hivyo."

Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mtu yeyote, maana alikuwa na hakika ya jibu. "Mlikuwa mnanionaje? Mlipokuwa chini?"

Donatienne alifikiri kama inafaa kusema. "Viatu," alisema.

"Viatu gani?"

"Vyako. Ulikuwa juu ya lori, kwa hiyo viatu vilikuwa mbele ya macho yetu. Vumbi lote lile, watu wote peku, wewe umevipaka kiwi hadi vinang'aa. Wanawake tulikuwa tunakuita Bwana Kiwi. Ukianza kupiga kelele na kile kipaza sauti chako, mtu anasema, 'Haya, Bwana Kiwi ameamka,' na mstari mzima unacheka. Yule bibi wa nyonga alikuwa anakuigiza. Alikuwa anatembea hivi." Akatembea hatua tatu sakafuni mwa jumba la sanaa, kidevu juu, akinyanyua miguu kama jogoo anayekwepa maji. Hakuna mtu duniani ambaye asingemtambua aliyekuwa akiigizwa.

"Mlikuwa na njaa," alisema Évariste. "Mlikuwa na njaa, na bado mlikuwa mnanicheka?"

"Tungefanya nini tena siku nzima?"

"Na ukakubali kuolewa na mimi."

"Barua haikueleweka," alisema Donatienne. "Nikafikiri, mtu mjinga hivi anahitaji mtu wa kumtazama."

Évariste hakuzungumza naye hadi Ijumaa. Alikula chakula chake, akaosha sahani yake, akamsaidia Nicole hesabu, lakini kwa mkewe hakufungua mdomo, na Donatienne, aliyekuwa amewazoea wazee wanaonuna, hakujisumbua. Ijumaa asubuhi Donatienne alimkuta amekaa kitandani, amevaa soksi, anavitazama viatu vyake vya kazini vilivyokuwa mlangoni, vyeusi, vinang'aa kama kawaida.

"Ni vichafu?" alimuuliza.

"Hapana," alisema Évariste, akavivaa.

Picha zilirudishwa kwenye makreti mwezi wa Machi. Évariste alibaki kwenye makoti miaka saba. Hakuacha kuwapa watu alama. Roshanali, aliyestaafu kabla yake, alisema hata alama zenyewe hazikuwahi kupanda. Lakini siku nyingine, watu wanapojazana mezani pake wakati wa kufunga, wakisukumana, wakipunga namba na kumpigia kelele awape majaketi yao haraka, alikuwa akimsikia mtu nyuma ya foleni akinong'ona na mwenzake, kisha wanacheka, na badala ya kukunja uso alikuwa akikaza masikio kwa bidii, apate kujua siku hizi wanamwitaje.